Koti la Mjomba Anatoli

Priscila! Simamisha shughuli zote. Kwa masikitiko makubwa ninatangaza msiba wa kitaifa: koti limefariki.

Koti la zimamoto la mjomba Anatoli. Usicheke.

Alilileta nyumbani likinuka moshi wa moto aliouzima kijijini Mugoma. Binti mmoja msomi wa bweni akalivaa kuwatisha watoto wa jirani migombani. Likajaa matope. Naye akalifua kama tunavyofua shuleni mashati ya ukaguzi wa Jumamosi: jiki chupa nzima, brashi, jiwe, kisha juani siku mbili.

Leo mjomba kavuta mkono wa koti. Ukachanika. Priscila, ukachanika kama karatasi!

Binti akasema, "Shikamoo mjomba. Labda ni ule moto wa Mugoma."

"Moto hauachi harufu ya jiki," mjomba akajibu taratibu. "Jiki inakula nyuzi, jua linamalizia. Hili linafuliwa kwa sabuni laini na kuanikwa kivulini. Nani kalifua?"

Binti akaficha mikono mgongoni.

Ndipo simu ya mjomba ikaita. Ghala la maharage linaungua Mbuba, na kuna mtu ndani. Kituoni hakuna koti la akiba. Mjomba akalivaa lile lile, mkono ukining'inia.

Lile lile, Priscila!

Binti akalikimbilia gari, akagonga kioo. "Mjomba, ni mimi!"

"Najua, Tecla. Mikono yako inanuka jiki. Funga geti."

Nimefunga. Ni mimi. Bado hajarudi.