Mchanga wa Ghorofani

Kaka yangu,

Sisi wazima, na bintiyo ananenepa kwa shangazi yake.

Ile shule ya ghorofa iliyomeza fedha za jiji imefunguliwa, na bintiyo anasoma humo. Sisi madiwani wa kamati huwa tunakagua majengo tukiwa garini, tusichafue viatu. Safari hii nilishuka. Nikakwaruza nguzo kwa ufunguo, ikamwaga mchanga kama gunia lililotoboka.

Mwenyekiti akacheka: "Mama, unatuharibia rangi!"

Niligoma kusaini, wenzangu wakasaini. Tangu hapo nikifumba macho nasikia mchanga ukichuruzika.

Jana mvua ilinyesha kutwa, watoto hawakutoka darasani. Bintiyo aliporudi nikamfumua nywele. Zimejaa mchanga.

Leo nimemfichia viatu. Lakini wenzake nimewasikia wakipita dirishani kwenda shule, wanaimba.

Dada yako