Spika za Baba na Amplifaya Mbili

Nabuyoga, Tororo
9 Februari 2025

Mpendwa kaka Hudson,

Pokea salamu nyingi za nyumbani. Hujambo huko Mwanza? Shemeji na mtoto wazima? Sisi tunapumua tu, ila moyo wangu mzito, ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu.

Unajua starehe ya Baba ni moja, kanda ya marehemu Mama akiimba kanisani. Tangu Krismasi alinung'unika kwamba spika zimekufa: ngoma anazisikia, Mama hamsikii. Nilimwamini. Kwa mambo ya spika zake, nani amewahi kumbishia yule mzee?

Nikavuka Busia kwa fundi wa redio. Akanishauri tugawe kazi: amplifaya yetu ya transista iendeshe spika kubwa za chini, zenye besi, na nyingine kuukuu ya vali, zile taa za kioo za zamani, aliyoniuzia iendeshe zile ndogo za juu zinazobeba sauti ya mtu. Vali hulainisha uimbaji, alisema. Nikavifungua vile vibati vya nyuma ya spika vinavyounganisha nyaya za juu na za chini, maana ukivisahau unaunguza amplifaya. Nilitoka jasho, lakini nilijiona fundi kweli!

Jumapili iliyopita baada ya ibada tukamketisha Baba mbele. Besi niliifunga kabisa ili Mama asikike peke yake. Hudson, aliimba safi kama yumo sebuleni. Dada yetu Amuge akakimbilia nje akilia. Nikaongeza ile ya vali mpaka majirani wakaingia uani. Baba alikuwa akitutazama mmoja mmoja.

"Nyinyi mnangoja nini?" akauliza. "Washa basi."

Spika zilikuwa nzima siku zote. Daktari amempima, masikio yamekwisha, na yanazidi kwenda. Nimeumia sana.

Na simu zako za Jumamosi, kaka, anapoitikia "ndiyo, ndiyo" na kucheka, hakusikii. Anaona aibu tu. Hata habari kwamba mtoto umempa jina lake haijamfikia. Sikutaka kumpigia kelele neno kama hilo. Njoo na mtoto, amshike.

Amuge na wanawe wanakusalimu. Msalimie shemeji. Mungu akufungulie njia mapema.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Ekwaro