Mahindi Yamekwisha, Nimekuwa Sanamu Tena

Shangazi Eliapenda mpendwa,

Shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, maana nikiendelea kukaa na jambo hili peke yangu nitapasuka, nusu kwa furaha na nusu kwa woga, na furaha ndiyo kubwa, ila woga ndio unaonikosesha chakula.

Mimi ni msichana wa kidato cha tatu, nimezaliwa Digodigo, nakaa kwa mama mdogo hapa Karatu kwa ajili ya shule. Aibu yangu siyo ya kawaida. Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili na nilikuwa naongea kidogo, nilipofika sekondari kila kitu kikawa Kiingereza nikafunga mdomo moja kwa moja, siyo kwamba sielewi, Shangazi, naelewa hadi koma, ila mwalimu akinitaja jina tu ulimi unalala. Darasani wananiita Sanamu. Sofia wa dawati la nyuma kila asubuhi ananiuliza, "We Sanamu, leo umepumua?" darasa zima linacheka, na mimi nacheka pia, kwa ndani.

Basi tulikuwa na mwalimu wa historia, Madam Ndeshi, mama wa Kilimanjaro asiyechoka. Siku moja akaja nyumbani kumuuliza mama mdogo kwa nini naandika vizuri na sisemi. Alitukuta uani tunapukuchua mahindi, turubai limejaa, na unajua huku kwetu mgeni akikuta watu wanapukuchua hawezi kukaa anatazama tu, kwa hiyo mama mdogo akamsogezea kigoda, akasema, "Karibu, Mwalimu. Hindi lako hilo hapo." Madam akaanza kupukuchua na sketi yake ya kazini! Macho yake yote yako kwenye mahindi, akaniuliza kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, "Eti kwenu Digodigo, maji ya mifereji, nani anaamua nani amwagilie lini?"

Shangazi, nilifungua mdomo. Nikamweleza wazee wanavyogawa zamu za maji, na kwamba babu yangu aliikuta mifereji na babu yake naye aliikuta, nikasema na kusema na mikono yangu inapukuchua yenyewe. Madam akaniambia, "Hiyo ni mada nzima ya kidato cha kwanza, na leo umenifundisha wewe. Haya, nirudishie yote kwa Kiingereza." Nikarudisha! Mama mdogo alidondosha hindi. "Kumbe huyu mtoto ana Kiingereza chote hicho na anakula ugali wangu kimya kimya!"

Tangu hapo Madam akawa anakuja kila Jumanne, mimi na yeye na mahindi, kwa sababu mama mdogo huwa anayatoa ghalani kidogo kidogo. Mpaka leo mama mdogo anaamini Madam anapenda kupukuchua, huwa anamwekea yale magumu. Mkataba wake ulipoisha pale shuleni na mikondo ya madarasa ikaunganishwa asihitajike tena, Madam hakulia. Alisema, "Darasani nilikuwa naongea na ukuta uliovaa sare. Sasa nitafundisha mmoja mmoja." Akaanza kwenda nyumba kwa nyumba. Mwanafunzi wake wa pili ni Stumai, ambaye babu yake alitoka Singida kuja kuchuma kahawa kwenye mashamba ya walowezi, na Stumai ni msusi, kwa hiyo Madam anafundisha uchumi wa kikoloni huku anasukwa, akitoka pale kichwa kinang'aa hadi watu wanageuka barabarani. Jamani nampenda Madam. Naota nimekuwa mwalimu wa historia na nina kigoda changu mwenyewe.

Sasa tatizo. Wanafunzi wawili hawatoshi kumweka mjini, na akikosa wengine atafunga mizigo arudi kwao Kilimanjaro. Kwa hiyo anaita wazazi kwenye ukumbi wa kanisa ile Jumamosi, na kipaza sauti juu, waone anavyofundisha, na atakayefundishwa mbele yao ni mimi, kwa sababu wote wanajua mimi ndiye Sanamu. Nilikubali, kwa kuitikia kwa kichwa. Lakini wiki iliyopita jirani yetu Filbert akaleta mashine ya kupukuchua, ikanguruma kidogo tu mahindi ya ghala zima yakawa kwenye magunia, mama mdogo anacheza uani, mimi nalia nyuma ya choo. Jumanne Madam akaja, tukakaa na chai, akaniuliza swali, ulimi ukalala! Nikamwonyesha koo, akadhani ni mafua, akaenda kuniletea asali. Hapo ndipo nilipojua kwamba ni mahindi.

Shangazi, nibebe mahindi niende nayo ukumbini, na Sofia na mama yake watakuwa wamekaa mbele kabisa? Au niumwe siku hiyo? Na kama siwezi kusema bila mahindi, ina maana Madam hajanifundisha kitu?

Ni mimi,
Sanamu wa Karatu

*

Wewe mtoto,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nikichambua mchicha, nimecheka mpaka nikatupa majani nikabakiza vijiti. Sanamu gani anayeandika ukurasa mzima bila kuvuta pumzi? Jina hilo sikuiti.

Nikugombeze kwanza. Mafua gani hayo? Mwalimu amepoteza kazi, ametoka malengelenge kwa mahindi magumu ya mama yako mdogo, na wewe unamnywea asali badala ya kumwambia kilichokupata? Mwambie, tena leo, kabla ukumbi haujalipiwa. Ulimi ukilala, mshike mkono umpeleke uani umwonyeshe turubai tupu. Ataelewa.

Na hilo la kwamba hajakufundisha kitu, acha utoto. Mahindi hayajui mifereji ya Digodigo, wala hayana Kiingereza. Yote yalitoka kwako. Wewe ukiwa na kazi mkononi unasahau kujitazama, basi, na hata mimi ukininyang'anya mchicha huu sijui kama nitakujibu vizuri. Siku ya kusema ukiwa mikono mitupu itakuja. Hakuna aliyesema lazima iwe Jumamosi.

Sasa Madam Ndeshi naye anisikie. Mwalimu, hongera, lakini hapa umeteleza. Umeondoka kwenye darasa lililojaa, halafu unataka kuwaonyesha wazazi kazi yako kwenye ukumbi uliojaa? Kipaza sauti cha nini, kwa mazungumzo ya watu wawili? Wataona mkutano, watapiga makofi, wataenda zao. Futa ukumbi. Unafundisha mmoja mmoja, basi alika mmoja mmoja.

Fanyeni hivi. Wazazi waje uani kwa mama mdogo, kila mmoja na Jumanne yake. Kigoda cha mzazi kiwekwe nyuma yako, mwanangu, usimwone. Na mama mdogo aambiwe ukweli kwamba Madam hapendi kupukuchua, ili aache kumwekea yale magumu.

Utaniuliza mahindi yatatoka wapi, na Filbert kamaliza yote. Yatoke kwa wageni! Kila mzazi aje na mahindi yake ambayo hayajaona mashine, apukuchuliwe bure huku anasikiliza. Nani atakataa?

Wa kwanza awe mama yake Sofia, na aje na binti yake. Hata usiombe kuumwa siku hiyo, nakukataza. Wakishaingia, usimsubiri Madam aulize swali. Wewe ndiye mwenyeji. Msogezee Sofia kigoda, umtazame, useme kwa sauti yako: "Karibu. Hindi lako hilo hapo."

Shangazi Eliapenda