Gemu Langu la Kahawa Limepata Shikamoo

Jumamosi, Katesh. Ukungu umekaa juu ya mlima Hanang tangu asubuhi na upepo unashuka kutoka hukohuko. Nimevaa sweta mbili. Lakini nina furaha, na nataka kuiandika kabla haijapoa.

Waliozoea kunisoma hapa wanajua kwamba kwa mwaka mzima natengeneza gemu la kahawa. Kwa mgeni nieleze kidogo. Ni gemu la kizamani, la vidoti vya mraba, kama yale yaliyokuwa kwenye simu za vitufe zilipoanza kujaa madukani. Kuna kibanda chini ya mlima, jiko la mkaa, kikaangio, kinu na birika. Mchezaji anakaanga buni, anatwanga, anachemsha, anawamiminia wateja wanaotoka mnadani. Basi. Hakuna bunduki, hakuna magari ya kugongana.

Nalitengeneza kwenye kompyuta ya steshenari yangu, watu wa fotokopi wakipungua.

Kahawa yenyewe si yangu. Ni ya Shangazi Paskalina, dada yake baba, aliyenilea kule Mbulu. Nyuma ya nyumba yake kuna mistari miwili ya mibuni katikati ya migomba, na utotoni nilikuwa naamshwa na harufu ya buni zikikaangwa. Nimejaribu kuichora ile harufu. Nimetumia rangi tatu za kahawia na bado.

Sasa niungame. Shangazi hakuwahi kuliona gemu hili. Niliacha chuo cha ualimu mwaka wa pili ili nijifunze mambo ya kompyuta, na yeye alikuwa ameshawaambia watu kanisani kwamba nyumbani kwake atatoka mwalimu. Hakunigombeza. Aliacha tu kuniuliza habari za kazi. Tukipigiana simu tunaongea mvua, ng'ombe, afya, tunaagana.

Halafu akapata kiharusi. Mkono wake wa kulia haujarudi vizuri, na tangu hapo hajakaanga kahawa.

Jana alikuja kwa basi, kwa sababu kesho kuna kipaimara cha mtoto wa ndugu yetu kule Balangdalalu. Leo mchana nilimwacha amekaa steshenari nikaenda kununua mkate. Niliporudi nilimkuta ameinama mbele ya kompyuta. Nilikuwa nimesahau kulifunga gemu.

"Hiki ni kinu," alisema.

"Ndiyo, Shangazi."

"Mbona mchi umekaa kama kijiko?"

Nikamwonyesha namna ya kucheza. Alikubali kwa sura ya mtu anayepimwa presha.

Ilikuwa aibu. Gemu langu lilitaka mikono miwili: mmoja unatembea, mwingine unamimina. Shangazi alitumia wa kushoto peke yake, wa kulia umelala mapajani juu ya kitenge. Juu ya kioo saa inahesabu kurudi nyuma, kwa sababu niliona magemu ya wenzangu yana saa. Buni zikaungua. Mteja wa kwanza, mzee mwenye fimbo, akakasirika akaondoka. Wa pili naye akaondoka. Kompyuta ikapiga ule mlio wa kushindwa ambao nilijivunia wiki nzima.

Nilitamani kuchomoa waya.

Shangazi aliuliza taratibu, "Huyu mzee anakimbilia wapi?"

Nikamwonyesha ile saa juu ya kioo.

"Na hujamwamkia. Mtu ametoka mnadani, hajapewa shikamoo, hajapewa kiti, unamsukumia kikombe. Hata mimi ningeondoka."

Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Halafu nikafunga mlango wa steshenari, nikavuta kiti cha pili, nikaanza kazi yeye akiwa pembeni.

Saa niliifuta yote. Nikapanga vitufe upya mpaka kila kitu kikawezekana kwa mkono mmoja, hata kwa kidole kimoja. Nikaongeza kitufe cha shikamoo. Usipomwamkia mzee, hakasiriki wala haondoki. Anakaa, anakutazama. Shangazi alisema hiyo inatosha kumwaibisha mtu yeyote.

Akataka pia mama mfugaji wa kutoka Hirbadaw, mwenye bangili na kibuyu cha maziwa. "Yeye anakuletea maziwa, wewe unampa buni, mnaongea," alisema. Nikamchora hapohapo. Alinirudisha mara tatu kwa sababu ya shingo ya kibuyu.

Saa kumi hivi akajaribu tena. Alikaanga bila haraka. Alinisemesha mara moja tu, kuniambia kwamba buni zikifika hapo lazima zisikike zikipasuka, nami nikaandika kwenye daftari. Akatwanga. Akachemsha. Akamwamkia mzee mwenye fimbo, akammiminia, na mzee akanywa mpaka mwisho.

Shangazi aliacha kidole kwenye kitufe.

"Imeiva," akasema.

Nilijifanya nafuta vumbi kwenye kioo.

Mwaka mzima nimehangaika nikijiuliza kwa nini gemu langu halinipi utulivu niliotaka. Nilikuwa nimechora kahawa ya Shangazi vizuri kabisa, halafu nikaweka ndani yake haraka ambayo kwake haikuwahi kuwepo.

Hatukuongea habari za chuo. Lakini jioni, nikiwa napika, nilimsikia sebuleni akiongea kwa simu na mama wa yule mtoto wa kipaimara.

"Yuko salama. Anatengeneza gemu."

Upande wa pili ukauliza kitu.

"Hapana, si kucheza. Kutengeneza. Nitakueleza kesho, ni kazi ndefu."

Lile neno gemu alilitamka polepole, kwa uangalifu, kama mtu anayelitaja jina la mkwe mpya mara ya kwanza.

Ugali nusura uungue.

Sasa amelala, na mimi nimemaliza kupiga pasi gauni lake. Kesho tutakaa meza moja kule Balangdalalu, na najua ndugu wataniuliza, kama kila mwaka, siku hizi nafanya kazi gani. Nimeamua: nitajaza mdomo pilau, nimwache yeye ajibu.