Nyumba ya Elia Si Yetu

Ndola, Alhamisi

Mdogo wangu Yona,

Amani ya Bwana iwe nawe, na mguu wako uliovunjika uwe umeunga. Mapafu yangu yamekwisha. Nalala nimeketi, na binti yangu ananishikia karatasi nikiandika. Usinitumie pole.

Barua yako nimeisoma. Unasema Anna, binti wa Elia, amerudi Kolwezi kudai nyumba ya baba yake, nawe umemfukuza langoni. Sasa unataka niandike kwamba Elia alituachia kwa hiari. Huna haya, Yona, na mwalimu wako ni mimi.

Hili hulijui. Kanisani mchungaji alihubiri kwa Kifaransa, mimi na Elia tukimtafsiri kwa zamu. Zamu yangu watu walikohoa. Zamu yake walilia. Na mimi ndiye niliyesoma! Nilipiga magoti kumwomba Mungu amkaushe koo.

Mwaka ule wa kufukuza Wakasai, watu ambao asili yao ni mkoa wa Kasai, vijana walimshika Elia mlangoni mwa kanisa. Akawajibu kwa Kisanga safi, lugha ya kwetu, maana alizaliwa pale pale Kolwezi. Wakataka kumwacha aende. Mmoja akaniuliza, "Tata mwalimu, ule ni mutu wetu?"

"Mumuulize: baba yake balimuzika wapi?" nikajibu.

Nilijua Elia hasemi uongo. Alinitazama mimi, si wao. "Kasai," akasema.

"Eee, kumbe ni kilulu!" Ndivyo walivyowaita Wakasai, wadudu. "Beba mufuko, rudia kwenu!"

Mkewe alifia stesheni wakingoja treni. Jumapili ile nilitafsiri peke yangu, kisha nikashiriki Meza ya Bwana. Kaini angalau alitumia mkono wake mwenyewe.

Nawe uliingia nyumbani mwao jiko likiwa bado la moto. Usiniandikie tena kwamba Mungu ametubariki. Husuda yangu ilifungua mlango, tamaa yako ikaingia na godoro.

Ushahidi ulioutaka nimeuandika mbele ya mchungaji wa hapa: swali langu, jibu la Elia, na jina la anayelala chumbani mwake. Dereva wa lori aliondoka nao Jumatatu, kumpelekea Anna mkononi. Barua hii ninayokuandikia wewe ndiyo inafuata.

Nisalimie mkeo, na mama mdogo Marta aliyetulea, na shemeji wa Lubudi. Waambie wakusaidie kufunga vyombo.

Kaka yako anayeiogopa Hukumu,
Petro