Kichwa cha mgebuka

Jumanne, baada ya chakula

Na kama kesho atapanda tena mkekani? Nawaza hilo tu tangu tulipotoa vyombo.

Doa bado ni mtoto wa paka, hata nyumba hajaizoea. Lakini juzi alipotia mguu kwenye mboga, Baba alisema wazi: "Akirudia, anaenda Majimoto kwa baba yako mdogo, akakamate panya kwenye mpunga." Baba hasemi jambo mara mbili. Tangu hapo namlisha Doa nyuma ya jiko kabla hatujatenga chakula, halafu namkalisha mlangoni. Akinyanyuka, namrudisha bila kumpiga.

Leo alikaa. Sisi tunakula ugali na mgebuka, yeye anatutazama tu. Nilifurahi mpaka nikasahau kutafuna.

Ndipo Baba akasema, "Huyu ana adabu kuliko nyie," akamrushia kichwa cha samaki. Kikaangukia mkekani, karibu na bakuli. Doa akaja mbio. Baba akacheka.

Mimi sikucheka. Kesho Doa atakuja tena, Baba atakuwa amechoka, na hatakumbuka nani alimwita.

Nilimwomba Mama aongee na Baba. Akasema, "Mwambie mwenyewe, mwanangu. Paka si wako?"

Nitamwambiaje baba yangu habari za adabu ya chakula? Labda wakati namnawisha mikono, nikiwa nimepiga magoti: "Baba, naomba kichwa cha samaki unipe mimi, nitampelekea mlangoni."

Nimeyasema maneno hayo hapa kitandani, kwa sauti ndogo. Hayana ukosefu wa adabu. Nadhani hayana.