Kiganja Changu, Si Chake

Jumanne, jioni. Kawangware kuna baridi na manyunyu, na nguo nilizoanika asubuhi bado zinadondosha maji. Sina nguvu ya kuzianua.

Nilikosea. Wacha niandike tu.

Jumapili sisi wa ambulensi tuliitwa mtaa wa mabanda wa Lindi. Gari haliingii kule ndani, kwa hivyo tuliliacha barabarani tukakimbia na mkoba wa dawa. Achieng, mtoto wa miaka mitatu, alikuwa amevuta sufuria ya uji ambao mamake huuza. Ulimmwagikia kifuani, tumboni na pajani. Tulimmwagia maji baridi huku akilia hadi sauti ikakauka.

Ukubwa wa jeraha la moto tunaupima kwa kiganja cha mgonjwa mwenyewe, pamoja na vidole. Kila kiganja ni asilimia moja ya mwili wake. Lakini Achieng alikuwa amekunja ngumi, ameshika leso ya mamake, na hakuna aliyeweza kuifungua. Nikanyoosha mkono wangu juu ya jeraha bila kuligusa, nikahesabu. Sita. Mafunzoni tulipimana sisi kwa sisi, watu wazima, na mkono wangu ukazoea hivyo.

Nikapiga simu kituoni kwetu, nikasema asilimia sita. Tukaambiwa kliniki ya karibu inatosha.

"Daktari, si kubwa sana, ama?" Mama Achieng aliniuliza. Mimi si daktari.

"Si kubwa, mama. Usijali."

Kliniki walimpa dawa ya maumivu na bandeji, bila dripu ya maji, kwani chini ya asilimia kumi haiwekwi. Kufikia jioni alikuwa amelegea na hakojoi, ndipo akakimbizwa hospitali kubwa. Leo nimeenda kumwona. Nesi wa wodi alifungua faili.

"Hii ni kumi na mbili. Ulipima na mkono ya nani?"

Nikasogea kitandani.

Achieng alikuwa amelala, ngumi imefunguka. Niliweka mkono wangu kando ya wake. Viganja vyake viwili vinaenea ndani ya changu kimoja. Figo zake bado zinaangaliwa, na hakuna anayetuahidi kitu. Ninaogopa sana.

Mama Achieng alinishika mkono huo huo. "Asante sana. Ulikuja haraka." Kisha akanipa chapati mbili alizoletewa na dadake.

Ziko hapa mezani, sijazigusa.

Kesho nitapitia wodini kabla ya zamu. Nitamwambia Mama Achieng mkono uliompima mwanawe ulikuwa wa nani, kabla hajanishukuru tena.